Laptopu ndogo ya shilingi 280,000: misimu miwili kwenye ghala la asali Sikonge

Natunza hesabu za vikundi vitatu vya wafuga nyuki upande wa Sikonge. Ofisi yangu iko Tabora mjini, chumba kimoja tu, na humo kuna kompyuta ya mezani ambayo sina mpango wa kuiacha. Ninayoizungumzia hapa ni ya pili: laptopu ya inchi 11.6, mtumba, niliyoinunua mjini kwa shilingi 280,000 pamoja na chaji yake. Misimu miwili ya kurina imeshapita nikiwa nayo.

Ni zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Lenovo, HP, Dell na Acer wote wanazo, na zinafanana kama watoto wa mama mmoja: kingo za mpira, skrini inayolala chali mpaka chini, hakuna feni. Yangu ina prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Haifiki kilo moja na nusu, kwa hiyo inaingia kwenye mkoba mmoja na kitabu cha risiti, na nikipanda pikipiki siifikirii.

Kabla yake nilikuwa napima asali ghalani, naandika daftarini, halafu narudi kilomita kama 70 hadi mjini kuingiza kila kitu kwenye kompyuta. Kazi moja mara mbili. Ubaya wenyewe ni kwamba makosa yalikuwa yanazaliwa Tabora, mbali na mwenye asali. Tatu iliyoandikwa haraka inasomeka nane, mtu analipwa kilo ambazo si zake, na mwenzake anayejua alileta nini anabaki na kinyongo. Msimu mmoja nilipigiwa simu wiki nzima kwa sababu ya tarakimu moja.

Sasa mzani uko hapa na laptopu iko hapa, juu ya ndoo iliyofunikwa. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali hufikia kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwa nini mrina asali hapaswi kuuza kwa kuhesabu ndoo. Naandika jina, uzito, natoa kilo moja ya ndoo tupu, naandika unyevu uliosomwa kwenye kipimo. Unyevu ukipita asilimia 20, mstari kwenye jedwali unageuka mwekundu wenyewe na ndoo inawekwa pembeni, maana asali ya hivyo huchacha. Yote hayo yanafanyika mwenye asali akiwa amesimama hapo.

"Mama, hiyo yangu imekuwa ngapi?"

"Ishirini na saba na nukta nne, mzee wangu. Tazama."

Nalaza skrini chali, nakuza maandishi hadi asilimia 200, anasoma mwenyewe. Hapo ndipo udhaifu wa skrini hizi unapojitokeza. Ukiitazama kutoka juu au pembeni rangi zinapauka, nyekundu inakuwa kama udongo, na watu wawili hawawezi kuisoma pamoja vizuri. Nje ndiyo kabisa. Chini ya mti wa mtundu, saa sita mchana, nalazimika kujifunika kanga kichwani pamoja na laptopu ndipo nione kitu. Kama kazi yako ni ya juani moja kwa moja, usinunue hii.

Kibodi nimeipenda. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC ya inchi 7, na zilizofuata baadaye za inchi 10 nilizitumia kwa mwajiri wa zamani: vidole vilikuwa vinakanyagana, na skrini ilikuwa fupi kiasi kwamba kitufe cha kuthibitisha kilikuwa kinazama chini kisionekane. Hii ya inchi 11.6 imeyaponya yote mawili. Isipokuwa haina vitufe vya namba pembeni, na mhasibu bila vile vitufe ni kama mshonaji bila mkasi. Nilinunua kibodi ndogo ya namba ya kuchomeka, nikaifunga kwa nailoni inayoonyesha.

Nailoni ile ina sababu. Ghalani hakuna kidole kisicho na asali. Wiki ya kwanza kitufe cha namba nane kilishika, ukikibonyeza kinashuka na kupanda taratibu kama kinaamka usingizini. Nilizima kabisa, nikachukua kitambaa cha pamba, maji ya vuguvugu, nikakikamua hadi kisidondoshe, nikapitisha kwenye kingo za kitufe, nasubiri, napitisha tena. Asali huyeyuka kwenye maji, haihitaji spiriti. Mara ya nne kikarudi. Na kwa kuwa haina feni hainyonyi vumbi la barabara wala nyuki, ambao mwezi wa sita wanaingia ghalani kama wana haki ya kuingia, na kweli wanayo.

Ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft walifunga masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, yaani mashine hii ingeingia imeshajaa. Niliweka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure na mwepesi unaokaa badala ya Windows, na LibreOffice ya kutengenezea majedwali. Jedwali la mistari 1,200 linafunguka bila shida. Ukifungua kurasa tano za intaneti kwa pamoja inaanza kuhema, na mkutano wa video nilijaribu mara moja nikarudi kwenye simu.

Betri yangu, ya mtumba, inakaa saa tano hivi. Chaji ni ya tundu la Type-C, lakini msidanganyike na umbo: chaji ya kawaida ya simu, ile ya volti 5, inakataa. Inataka yenye PD, yaani inayoweza kupandisha volti, ya wati 45. Ghalani kuna sola yenye betri ya volti 12, nikanunua chaji ya gari ya aina hiyo, na tangu hapo umeme ukikatika sina habari.

Kilichonigharimu zaidi ni kuwa na mashine mbili. Faili la Juni lilikuwa kwenye flashi. Nikalirekebisha mjini, na lile la kwenye laptopu nikaliongezea mistari ghalani, halafu nikanakili la zamani juu ya jipya. Mistari 11 ya watu 11 ikapotea. Daftari liliniokoa, kwa kuwa sikuwa nimeacha kuandika kwa mkono, na mpaka leo sijaacha. Siku hizi faili la msimu linakaa sehemu moja tu. Likiondoka Tabora, nakala ya mezani naifunga isiandikwe, na jina la faili linabeba tarehe. Mtu asiyeweza kujiwekea sheria hiyo, mashine ya pili itamletea hasara kuliko faida.

Mkienda kununua, kuna mitego miwili. Kwanza, nyingine ni Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, zinafanana nazo kwa sura: angalia kibodi, haina kitufe chenye nembo ya Windows. Hizo masasisho yake yana tarehe ya mwisho, na nyingine bado zimefungwa kwa akaunti ya shule zilikotoka. Pili, hata zisizo Chromebook zinaweza kuwa na neno la siri la BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Ya kwanza niliyopewa dukani ilikuwa nalo, na nisingegundua kama nisingekwenda na flashi yenye Linux Mint. Nilichomeka pale pale juu ya kaunta, ikakataa, nikaomba nyingine. Hifadhi ya hizi nayo imeunganishwa kwenye bodi, ikifa haibadilishwi kama diski. Kwa hiyo mimi nisingetoa zaidi ya laki tatu, na nisingeondoka dukani kabla sijaiona imewaka kwa flashi yangu mwenyewe.