Kichwa kimepoa, ila zile rasta zangu bado zinaniuma

Nianze na nywele, maana ndizo zinanichemsha mpaka leo.

Siku mbili kabla ya operesheni ya neva ya kisogo nilikaa pale Nyawera, Bukavu, nikisukwa rasta kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Nilijua nitalazwa, na sikutaka wakwe wanikute kitandani na kichwa timutimu. Hakuna mtu aliyeniambia, si siku ya kufungua fishi, ile karatasi ya mgonjwa, wala siku ya kulipa kautio, amana ya hospitali (pesa ya likelemba yote hiyo, mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu), kwamba kisogo lazima kinyolewe. Asubuhi yenyewe akaingia muuguzi, makasi mkononi, hata jambo hakuna. Akaniinamisha shingo kama mbuzi wa Noeli. Kwacha, kwacha, rasta zinadondoka kwenye shuka. Halafu wembe mkavu, bila maji wala sabuni. Nikamuuliza mbona hamkunijulisha? Mkono wake haukusimama hata kidogo. Akajibu: "Mama, ulikuya kwa kichwa ao kwa nywele?" Wenzake wawili wakaangua kicheko.

Nilikuja kwa kichwa, ndiyo. Kilipoanza, kitinda mimba wangu alikuwa bado ananyonya; sasa anapanda mlima wa Kadutu peke yake kwenda shule. Maumivu yanaanzia kisogoni, upande wa kulia, yanapanda kwa kishindo kama umeme unaorudi ghafla usiku, halafu yanatua nyuma ya jicho. Siku nyingine hata kitana sikiwezi, hata mto. Nimetibiwa malaria, nimetibiwa tifoidi, nimetibiwa sinizite, ule uvimbe wa ndani ya pua (Bukavu nani hana sinizite?), nimenunuliwa miwani, nimewekewa mikono na wachungaji wawili. Vidonge vya maumivu nilivimeza karibu kila siku, mpaka nikaja kuelezwa kwamba kwa mwendo huo vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Daktari aliyenipasua, huyo sina neno naye. Alibonyeza kidole gumba mahali pamoja tu chini ya fuvu, nikaruka. Akachoma sindano ya ganzi palepale, na sijui zilipita dakika ngapi, kichwa kikanyamaza. Nilisikia kuku wa majirani wa hospitali! Akasema, hii bado si dawa, huyu ni shahidi, anatuonyesha neva gani ina kosa. Akageuza karatasi, akanichorea: neva inatoka kati ya pingili ya kwanza na ya pili za shingo, inatoboa misuli ya kisogo, inapanda mpaka utosini. Ikibanwa na msuli, au na mshipa wa damu unaokatiza juu yake, ndiyo hiyo kelele. Na jicho? Neva za shingo na zile za uso hupeleka habari zao mahali pamoja, ubongo unachanganya mlango.

Tulianza na carbamazepine, vidonge vya kutuliza neva. Nikawa nayumba kwenye miteremko kama mtu aliyetoka kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sindano ya pili, iliyochanganywa na steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ilinipa majuma machache ya raha. Ndipo tukafika kwenye kisu, kuutanua ule msuli ili neva ipumue. Alinionya kwamba si wote wanapona, na kwamba ngozi inaweza kubaki na ganzi.

Ninyi wenye kichwa kama changu, nilitaka kuwaandikia "msiende kupasuliwa." Nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika tena. Majuma ya kwanza kidonda kilinichoma hata nikaona nimeibiwa. Lakini tangu mvua zianze, ule umeme umenipiga mara mbili tu, tena kidogo. Basi nendeni. Hapana, ulizeni kwanza habari za nywele, halafu nendeni. Mtu anayejua kunichorea neva nzima nyuma ya fishi, neno moja la wembe lilimshinda nini?

Siku ya kuangaliwa kidonda daktari akaniuliza kama huwa nasuka. Rasta nzito, zilizokazwa, zinavuta ngozi ya kichwa, alisema, na kwa mtu wa neva kama yangu si jambo jema. Nikanyamaza. Yule muuguzi alikuwa amesimama nyuma yake na fishi yangu, macho chini, mdomo unamcheza. Nilitamani nimrushie kiatu.

Juzi nimerudi Nyawera. Nimemwambia msusi alegeze, na pale kwenye kovu apaache kabisa. Akavuta zile fupi za kisogoni, akauliza:

"Yaya, haiume?"

Sikujua hata kama ameshaanza. Nikapeleka kidole mwenyewe nipapase. Kidole kilisikia kichwa. Kichwa hakikusikia kidole.