Nimepitia skana nne kwenye gereji mpya ya magari ya Ulaya, zimebaki mbili

Niseme mapema mimi ni fundi sio muuzaji wa mashine, na hizi nazozisifia hapa nimezinunua kwa hela yangu. Tulipofungua gereji ya Ulaya tupu, yani BMW, Benzi, Audi, Volkswagen na Volvo moja moja, nilidhani skana, ile mashine ya kusoma makosa ya kompyuta za gari, ni kitu cha kuchagua mchana mmoja tu, unasoma orodha ya magari nyuma ya boksi, yenye orodha ndefu unabeba. Kumbe ile orodha ndo kitu cha mwisho kabisa cha kuangalia.

Ya kwanza hata aibu kuitaja, kile kidude cha ELM327 unachomeka chini ya usukani kinaongea na simu kwa Bluetooth. Sio kwamba ni kibovu, kinafanya kile kinachoweza. Shida ni kwamba kwa app za kawaida kinaongea lugha ya OBD2 tu, ile Marekani walilazimisha kuanzia magari ya 1996 na Ulaya nao wakaileta kwa magari ya petroli 2001, na lengo lake lilikuwa kudhibiti moshi. Kwahiyo injini utaiona, lakini airbag, ABS, hendibreki ya umeme, suspensheni ya upepo, huko hakufiki, na magari haya shida nyingi ziko hukohuko. Kipo kwenye droo, nakitumia nikienda kumwangalizia mtu gari anayotaka kununua.

Ya pili ilikuwa tableti, jina nalihifadhi. Boksi limeandikwa inasapoti kila gari chini ya jua. Na kweli, ilikuwa inafungua moduli zote, yani kompyuta ndogo ndogo za gari, inasoma kodi zote za makosa, tukafurahi wiki mbili hivi. Siku hiyo ikaja E-Class W211, breki padi zimeisha. Mnaoijua hiyo gari mnajua ina SBC, mfumo wa breki za umeme, pampu ya breki inajipa presha yenyewe hata hujagusa pedali, mtu akifungua tu mlango inaweza kuamka, na kama vidole vyako viko kwenye kalipa wakati huo basi umeumia. Lazima uizime kwa skana kwanza. Nikaingia kwenye menu, ipo kabisa, imeandikwa vizuri, nikabonyeza, ikazunguka zunguka weee alafu ikaniambia mawasiliano yameshindikana. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tano mwenzangu akaniambia bro acha, tusije tukamkata mtu kidole. Tukampigia mteja tukamwambia ukweli, akachukua gari yake na padi zake kwenye kiti cha nyuma. Kazi ya padi! Ile siku sitaisahau.

Toka hapo nikabadilisha namna ya kuchagua. Sikuuliza tena inasoma magari mangapi, maana kusoma zinasoma zote. Nilitafuta mtu mwenye mashine, nikaenda na magari matatu ya wateja waliokubali, nikamwambia nionyeshe hapa hapa: rudisha nyuma hendibreki ya umeme, sajili betri mpya, anzisha regenereshoni ya DPF, yani kuchoma masizi kwenye kichujio cha moshi wa dizeli. Muuzaji anayekataa jaribio la hivyo we ondoka tu.

Iliyopita jaribio ni Autel, zile MaxiSys za juu. Hii ndo inayopokea kila gari inayoingia getini. Unachomeka, inajitambulia gari kwa VIN, yani namba ya chasi, inapita moduli zote, na kwenye modeli zenye ramani ya moduli unaona mtandao mzima umechorwa kwa rangi, nani ana kosa na nani haongei kabisa. Hiyo ramani naipenda kuliko kitu chochote humo ndani, sababu ukikuta kodi za U kumi na mbili za kupoteza mawasiliano, ukiangalia mchoro unaona wote wanamlalamikia mtu mmoja ambaye kalala, unaenda kuangalia fyuzi na waya wake badala ya kuhangaika na kumi na mbili. BMW ikibadilishwa betri inasajili dakika chache tu. Wengi wanaruka hiyo hatua, alafu gari inaendelea kuichaji betri mpya kama vile bado ni ile chakavu, ikifa mapema wanamlaumu aliyeuza betri.

Kasoro? Ukubwa wake, unaibeba kama sinia. Na apdeti. Mwaka wa kwanza ipo ndani ya bei, baada ya hapo unalipia, na ndo gharama ambayo watu hawaiweki kwenye hesabu wakati wa kununua. Usipolipia inaendelea kufanya kazi na ulichonacho, ila magari mapya yatakupita.

Sasa VCDS ya Ross-Tech. Hii ni ya Volkswagen, Audi, Skoda na Seat peke yake, inakaa kwenye laptopu ya Windows, na sura yake ni kama programu ya uhasibu ya zamani, vitufe vya kijivu tu. Nilivyoiona nikacheka. Alafu ikaja Passat 2.0 TSI, taa ya injini imewaka, kodi P0171, inaungua kavu, yani hewa nyingi mafuta kidogo, inatetemeka kwenye sailensa, yani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta. Mwenye gari kashaambiwa huko alikotoka anunue oksijeni sensa mpya. Nikafungua grupu 032, hapo unaona marekebisho ya mafuta yamegawanywa, ya sailensa upande mmoja na ya mwendo upande mwingine. Ya mwendo iko kawaida kabisa. Ya sailensa imepanda hadi inakaribia ukingo. Sasa sensa mbovu haichagui, ingeharibu kote kote, ila upepo wa wizi, hewa inayoingia kwenye injini bila kupimwa, unaumiza zaidi injini ikiwa chini maana hewa yenyewe ni kidogo. Nikaenda kufungua kifuniko cha oili injini inanguruma, kikagoma kama kimegundishwa, kuking'oa kinanyonya mpaka mkono unasikia, na kuna kafilimbi kembamba. Valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili ndani ya injini, kipira cha ndani kimechanika. Sensa ya watu ilikuwa nzima.

Programu haikuniambia "badilisha PCV", hakuna skana inayofanya hivyo. Ila ilinipa dirisha la kuangalia, na maelezo ya kila namba yamo humohumo. Apdeti zake unashusha bure. Angalia tu leseni, kuna za VIN tatu, VIN kumi, na isiyo na kikomo, gereji chukua ya mwisho, hizo nyingine ni za mtu na magari yake ya nyumbani.

Kuhusu zile laptopu zenye programu za kiwanda zilizovunjwa leseni, sijanunua. Siku ikigoma katikati ya kuprogramu kontrol boksi utampigia nani? Na ukiprogramu chochote weka chaja ya kushikilia voti kwenye betri, voti ikishuka katikati umeua boksi la mtu.

Kitu kingine cha kuuliza kabla hujalipa ni geti za usalama. Magari ya Fiat Chrysler kuanzia 2018 na Volkswagen toka Golf 8 yenye SFD, kufuli yao ya kulinda moduli, kodi utasoma, ila ukitaka kuandika kitu lazima skana iwe na ruhusa ya mtandaoni kutoka kwa mtengenezaji. Mashine isiyo na njia hiyo, kwa gari mpya imebaki ya kusomea tu.

BMW za vizazi vya F na G ndo zinazidi kuja saivi, kwahiyo kebo ya ENET, ya kuunganisha gari na laptopu, ishafika. ISTA rasmi, programu ya kiwanda ya BMW, nitakuwa nalipia kwa siku, pale kazi inayoihitaji ikiwa imeshapanda lifti.