Darasa la kuogelea la watu wazima, Njedengwa: wanaanza na pumzi

Mtu mzima anayetafuta pa kujifunzia kuogelea hapa Dodoma, ninampendekezea darasa la Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la hoteli moja upande wa Njedengwa. Kocha ameniomba nisiandike jina lake wala la hoteli, kwa sababu anachukua wanafunzi wachache na wanaosubiri nafasi ni wengi. Ukiuliza maeneo hayo utaelekezwa. Ninamsifu kwa mambo kadhaa, lakini kubwa ni kwamba ndiye kocha wa kwanza kumsikia akizungumzia gesi tumboni kama sehemu ya somo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, mzaliwa wa Kongwa. Kwetu maji mengi yaliyokusanyika mahali pamoja ni lambo la ng'ombe wakati wa mvua, na watoto tulikatazwa kulisogelea. Nimeingia bwawani nikiwa na miaka arobaini na kitu, baada ya daktari kunishauri mazoezi yasiyoumiza magoti. Nilianzia kwenye bwawa jingine mjini. Huko maelekezo yalikuwa mafupi: vuta pumzi, zama, piga mateke. Kila nilipotoka majini tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma ya muheme, na mchana kutwa lilikuwa likiunguruma. Wenzangu wa kike walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, huyu akisema ana harusi, yule akisema goti. Mmoja aliniambia ukweli tukiwa kwenye daladala: hewa ilikuwa ikimtoka akiwa anapiga mateke, mbele ya vijana, na aibu ilimzidi. Aliacha kabisa. Mama mwenye shinikizo la damu, aliyehitaji yale mazoezi kuliko sisi sote, aliacha kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba tatizo hilo la hewa lina chanzo na lina dawa.

Huyu wa Njedengwa alimchukua kila mwanafunzi pembeni siku ya kwanza. Mimi aliniuliza, "Mwalimu, ukitoka majini tumbo huwa linajaa?" Alikuwa na daftari, akaandika jibu langu. Kisha alitueleza wote kwa pamoja, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Mimi ningeyafundisha darasani bila kubadili kitu.

Mtu mzima anayeogopa maji hubana pumzi. Akiwa ameibana, kabonidayoksaidi inaongezeka kwenye damu, na hiyo ndiyo inayomletea ile hamu kali ya kupumua, mapema sana kabla oksijeni haijapungua vya kutisha. Akiinua kichwa ana kazi mbili za kufanya kwa muda usiofika sekunde moja: kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya. Muda hautoshi. Anaigugumia hewa pamoja na maji, anameza, na hewa hiyo inashuka kwenye umio hadi tumboni. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, ambayo utumbo huinyonya kidogo mno, kwa hiyo iliyoingia lazima itafute njia ya kutoka, juu kwa mbweu au chini. Na tumbo lililojaa hewa linasukuma juu kiwambo cha kifua, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, pumzi inakuwa fupi zaidi, mtu anagugumia zaidi. Ukishaelewa mzunguko huo, unaona kwa nini mateke hayawezi kuwa somo la kwanza.

Wiki za mwanzo, basi, hatukuogelea. Tulisimama kwenye kina cha kifuani, tukashika ukingo, tukaingiza uso majini na kuvuma. Kuvuma kwa puani, mmmm, mpaka mapovu madogo yatoke mfululizo bila kukatika. Zoezi hili ninalipenda kuliko yote kwa sababu limesimama juu ya jambo la hakika la mwili: mtu hawezi kuvuma na kumeza kwa wakati mmoja. Kumeza kunasimamisha pumzi, na koo la hewa linafungwa. Anayevuma hamezi. Tena sauti ni kipimo, maana ukisikia imekatika unajua umebana pumzi, hata kama wewe mwenyewe unaapa hukubana. Kocha alikuwa akipita nyuma yetu akisikiliza. "Mama, nimeisikia imekatika. Rudia, taratibu."

Baada ya hapo ilikuja kuzama na kuibuka, tukitoa hewa yote kabla mdomo haujafika juu, ili juu pabaki kazi moja tu ya kuvuta. Kuvuta kwenyewe ni kidogo, kwa mdomo, bila kujaza kifua. Wengi wetu tulidhani pumzi kubwa ndiyo usalama. Kifua kilichojazwa mpaka mwisho kinakakamaa, na mtu anashindwa kuiachia hewa hiyo kwa utulivu anaporudi chini. Halafu ukafuata ubao wa povu, na mwisho mtindo huru, ule wa kifudifudi mikono ikipokezana, ambapo kichwa kinageuka pamoja na mwili, sikio likiwa limelala upande wa mkono ulionyooshwa, kioo kimoja cha miwani kikibaki ndani ya maji. Pembeni ya kichwa kinachosonga mbele maji hujikunja na kuacha bonde dogo, na mdomo unapata hewa humo humo. Ukiinua paji la uso kutafuta hewa, nyonga zinazama, miguu inafuata, na unaanza kugugumia upya. Wanaoanza tunavuta hewa kila baada ya mikono miwili. Walioshika kasi wanavuta kila baada ya mitatu, kulia na kushoto kwa zamu.

Tunaye mzee mmoja, dereva mstaafu kutoka Tanga. Yeye anajua maji tangu utotoni, ila anaogelea kichwa kikiwa juu kama wavuvi, na shingo inamuuma. Alikuwa akisisitiza kwamba kinachomnyima pumzi ni huku juu, kwa sababu Dodoma iko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kocha alimjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee wangu. Hewa ya hapa ni nyepesi kidogo kweli, lakini wewe hutoi ya zamani. Toa kwanza, halafu tuulaumu mlima." Leo mzee anakata urefu wa bwawa uso ukiwa majini.

Kila baada ya mapana mawili ya bwawa tunasimama ukutani. Mtu akisimama wima, hewa iliyo tumboni hupanda juu, karibu na mlango wa umio, na inatoka kwa urahisi. Kocha anasema wazi: anayetaka kucheua acheue. Hakuna anayecheka. Sijui namna ya kueleza jinsi ruhusa hiyo inavyomlegeza mtu mzima, hasa mama wa heshima zake.

Kuhusu chakula ni mkali, na hapa mgahawa wa hoteli haumsaidii. Asubuhi wanauza chai ya maziwa, chapati na maharage, harufu inafika hadi bwawani. Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inatoka. Kuyaloweka usiku na kumwaga maji yale kunapunguza, lakini hakumalizi. Maziwa mabichi au ya chai yanawasumbua watu wazima wengi wa kwetu kwa sababu kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hupungua baada ya utoto. Mtindi una nafuu. Kocha anashauri ndizi au uji mwembamba wa ulezi saa mbili kabla ya kuingia majini, na anakataza soda na bigijii asubuhi hiyo, kwani anayetafuna bigijii anameza hewa muda wote. Mimi naongeza namna ya kutofautisha: hewa uliyomeza bwawani inajitokeza haraka, tumbo la juu, kwa mbweu, ya maharage ya jana usiku inakuja baada ya saa nyingi, chini, na ina harufu. Ukijua ni ipi, unajua pa kurekebisha. Lakini maumivu makali, kutapika, damu kwenye choo, kushindwa kumeza au kupungua uzito bila sababu si mambo ya bwawani. Hayo yapeleke hospitali.

Jambo jingine lililonifanya nimwamini ni kwamba amepiga marufuku mashindano ya kukaa chini ya maji. Vijana hupenda kuhema haraka haraka kabla ya kuzama ili wakae muda mrefu. Kuhema huko kunafukuza kabonidayoksaidi, ile kengele ya mwili inachelewa kulia, na mtu anaweza kuzimia majini bila onyo. Kijana mmoja aliyejaribu alitolewa nje asubuhi ile ile. Sawa kabisa.

Sasa kasoro. Maji hayapashwi joto, na Juni na Julai upepo wa Dodoma asubuhi unauma. Ngozi ikikutana na baridi ghafla, pumzi inakatika kwa mshtuko na watu wanagugumia kama siku ya kwanza. Miezi hiyo darasa lingesogezwa hadi saa nne. Tumeomba, bado tunasubiri jibu la hoteli. Chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake ni kimoja, kidogo, na mlango wake haufungi vizuri. Kabla hatujamaliza watoto wa wageni wanaingia, mawimbi yanaanza, na zoezi la kugeuza kichwa linaharibika kwa sisi wageni wa maji. Kwa hayo ninampa nyota nne kati ya tano; kwa ufundishaji peke yake ningempa zote.

Darasa linaanza saa moja na nusu na kuisha saa mbili na nusu. Tunalipa shilingi 60,000 kwa mwezi, vipindi vinne, na ukikosa kwa msiba au ugonjwa anakufidia mwezi unaofuata. Vazi refu la kuogelea linaruhusiwa, akina mama wa stara wasisite. Nguo za pamba na kanga haziruhusiwi majini. Miwani na kofia uje navyo mwenyewe, taulo pia, na kama tumbo lako huwa linajaa mwambie siku ya kwanza, ataandika kwenye daftari.