Chenga za makombe ya chaza kwa kuku wa mayai: nilivyoziona mimi huku Utange, Mombasa

Nazungumzia zile chenga za makombe ya chaza zinazouzwa kwenye agroveti, nyingine zimefungwa kwenye nailoni, nyingine unapimiwa kutoka guniani. Kuku wangu wa mayai wamezila tangu vuli mpaka kaskazi yote ikaisha. Jibu fupi: zinafaa, ila si kwa sababu anayokupa muuzaji.

Muuzaji aliniambia, "Chukua mama, hizi zitakuongezea mayai." Haziongezi. Kuku aliyepungukiwa sana na kalsiamu hupunguza kutaga, na huyo ukimpa utaona tofauti. Lakini wangu walikuwa wakila chakula cha dukani cha kuku wa mayai, na hesabu ya trei ilibaki palepale. Kilichobadilika ni ganda. Mteja wangu mmoja huuza mayai ya kuchemsha na kachumbari jioni, na kila mara alikuwa na malalamiko: yai limepasuka sufuriani, ute umetoka nje kama uzi mweupe, hauziki. Malalamiko hayo yamepungua sana. Na wanawake wanaochukua trei kwa mkate wa mayai Ramadhani ikikaribia, ambao zamani walikuwa wanageuza yai moja moja kutafuta ufa, siku hizi wanabeba tu.

Ukitaka kujua kwa nini, angalia kazi anayofanya kuku usiku. Ganda la yai lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti, yaani kalsiamu yenyewe ni gramu 2 na kitu. Kwa kuwa hafyonzi yote anayokula, kuku anayetaga anahitaji kupata kama gramu 4 kwa siku. Ganda hilo hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi inaangukia usiku, kuku amelala na chombo cha chakula kiko mbali. Chokaa ya unga, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa chakula cha mifugo, aliyoila mchana inapita haraka. Chenga kubwa, za milimita 2 hadi 4, zinabaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole mpaka alfajiri. Zisipokuwapo, kuku anakopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Deni likizidi utamkuta asubuhi amelala ubavu, miguu haimbebi.

Kwa hiyo unacholipia ni ukubwa wa chenga. Kalsiamu ya makombe na kalsiamu ya chokaa ni kitu kimoja, asikudanganye mtu kwamba ya baharini ina baraka zaidi.

Hapo ndipo nilipoudhika. Mfuko mmoja niliouziwa, duka silitaji, nilipoupitisha kwenye chekecheke ya unga, karibu nusu ilipita chini. Vumbi tupu! Nililichanganya kwenye chakula, halikupotea, lakini vumbi la bei ya chenga ni wizi. Tangu hapo natia kiganja ndani kabla ya kulipa. Chenga nzuri ni bapa, zina matabaka membamba kama karatasi zilizogandana, upande mmoja kijivu chenye mikwaruzo, upande wa pili unang'aa. Mtu atakwambia uzijaribu kwa ndimu: ukikamulia, zinatoa povu. Kweli zinatoa, na mchanga wa kawaida wa mtoni hautoi. Ila huku kwetu jaribio hilo lina tundu, maana mchanga wa matumbawe nao ni kalsiamu kaboneti na unatoa povu vilevile. Macho na vidole vinakusaidia zaidi.

Namna ya kuwapa: chombo peke yake, pembeni, mbali na chakula. Usiwachanganyie. Mimi nilidhani watazirukia asubuhi, kumbe asubuhi wanapita tu kama hawazioni. Baada ya alasiri ndipo wanakusanyika, wanadonoa kwa fujo, wanasukumana. Kuku mwenye yai la kesho tumboni huongeza hamu ya kalsiamu wakati huo, kabla jua halijazama. Jogoo wangu hajawahi kuzigusa zaidi ya kuonja. Hili la chombo cha peke yake si mapambo. Kuku wadogo ambao hawajaanza kutaga wanahitaji chakula chenye kalsiamu kama asilimia 1 tu, wakati chakula cha wanaotaga kina asilimia 3.5 hadi 4. Ukiwalisha vifaranga kiwango cha wakubwa kwa muda mrefu, figo zao zinaharibika. Mwenye banda moja la rika zote awatenge kwanza.

Sasa, yasiyotibika kwa chenga. La kwanza ni joto. Februari saa saba mchana kuku wote wako mdomo wazi wanatweta, na kila wakitweta wanatoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kawaida. Ganda ni kalsiamu pamoja na kaboneti, ambayo mwili huitengeneza kutokana na hiyo kaboni dayoksaidi; damu ikipungukiwa na hiyo ya pili, kalsiamu ijae vipi, ganda litakuwa jembamba. Tena kuku mwenye joto hali vizuri. Katika wiki mbaya zaidi za kaskazi bado niliokota mayai laini, mawili matatu, na chenga zilikuwa zimejaa chombo. Kilichosaidia ni makuti juu ya mabati, maji ya baridi mara kwa mara, na chakula kuwekwa alfajiri kabla jua halijawa kali.

La pili ni maji. Visima vingi vya huku vina chumvi, na maji ya chumvi hudhoofisha ganda hata kuku akila vizuri namna gani. Jirani yangu analalamika kwamba chenga ni utapeli, na kuku wake wanakunywa maji ya kisima ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyapikia chai. Nimemwambia ajaribu maji ya mfereji, hata ya mkokoteni, kwa kuku tu. Anasema ni ghali. Ni ghali kweli, lakini chenga nazo amezinunua.

Tena kuna kuku wazee. Yai linakua kubwa mwaka hadi mwaka lakini mali ya kujengea ganda haiongezeki, kwa hiyo ganda linatandazwa jembamba. Chenga zinapunguza tatizo, haziliondoi. Na asiyepata vitamini D ya kutosha hafyonzi kalsiamu ipasavyo, umpe gunia zima. Wangu wanatoka nje juani kila siku, sikuwa na wasiwasi huo.

Kuhusu bei, chenga ni ghali kuliko chokaa ya unga kwa kilo. Anayebana matumizi anaweza kukausha maganda ya mayai yake mwenyewe kwenye oveni au kaangoni, akayavunja vipande vipande, akawarudishia; kazi inafanyika ileile, ila hayatoshi peke yake. Kuokota makombe pwani mimi siungi mkono. Sehemu ya bahari yetu upande wa Nyali na Bamburi ni hifadhi, na ndani yake huruhusiwi kuchukua makombe.

Nazipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa lile vumbi. Nanunua za kupima guniani, kwa sababu mfuko uliofungwa huwezi kuona chini kuna nini, na nachukua za kutosha mwezi tu, kwa kuwa kuku wachache hawali nyingi hivyo. Mwenye kuku wa nyama asijisumbue, hazimhusu.