CUPS: Printa ya Wifi Kwenye Linux Bila Kusaka Draiva

Haya watazamaji, leo mezani ipo CUPS, programu inayosimamia uchapishaji kwenye mifumo ya Linux kama Ubuntu, Mint, Debian, Fedora na mingine mingi. Hainunuliwi, na mara nyingi utaikuta imeshasakinishwa. Kinachotuhusu ni kimoja: je, itakukutanisha na printa yako ya wifi bila kukukesha?

Kwa printa za miaka ya karibuni, itakukutanisha, tena kwa urahisi. Ndiyo, nimesema urahisi, na ninaongelea Linux! Zamani kila modeli ilitaka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Siku hizi printa yenye AirPrint, teknolojia iliyoletwa na Apple mwaka 2010, au IPP Everywhere, kiwango kingine cha kazi hiyo hiyo, inajieleza yenyewe. Kompyuta inaiuliza: unatumia karatasi za saizi gani, una rangi, unachapa pande mbili? Inajibu, na foleni, yaani mstari wa kazi zinazosubiri kuchapwa na printa hiyo, inajitengeneza. Kwa hiyo unaponunua, usihangaike kutafuta neno Linux kwenye boksi. Tafuta AirPrint.

Ingiza printa kwenye wifi kupitia kioo chake, kisha fungua mipangilio ya printa kwenye kompyuta. Umeiona? Iongeze, chapa ukurasa wa majaribio, na wewe tumemalizana.

Tubaki sisi ambao haijaonekana. Hapa ndipo watu hukimbilia kupakua draiva za ajabu ajabu, na ugonjwa wala haupo huko. Kompyuta huisaka printa kwa kupiga mbiu ndani ya mtandao, kazi ya huduma iitwayo Avahi, kupitia poti 5353 ya UDP. Mbiu isipofika, printa haipo, hata ikiwa imekaa pembeni yako. Angalia kama printa imeingia wifi ya wageni, maana ruta nyingi huitenga na vifaa vingine. Angalia faiwoli, ukuta wa ulinzi wa kompyuta, isije ikawa inaizuia mbiu. Halafu hakikisha Avahi yenyewe imewashwa: systemctl status avahi-daemon.

Bado? Achana na mbiu, ifuate kwa anwani. Chukua anwani ya IP kwenye menyu ya mtandao ya printa, tuseme ni 192.168.1.50, kisha andika kwenye terminali:

sudo lpadmin -p Nyumbani -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Nyumbani ni jina la foleni, na mwisho huo, everywhere, ndio unaoiambia CUPS iiulize printa sifa zake. Ukishamaliza, ingia kwenye ruta uifungie printa anwani hiyo hiyo. Usipofanya hivyo, siku ruta ikigawa anwani upya, kazi zako zitabisha hodi nyumba ya jirani. Na foleni ikisimama kwa sababu printa ilikuwa imezimwa, iamshe kwa sudo cupsenable Nyumbani. Kuwasha printa peke yake wakati mwingine hakutoshi, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Kasoro nyingine? Ukurasa wa mipangilio wa CUPS, unaofunguliwa kwenye kivinjari kwa localhost:631, una sura ya kizamani, ingawa unafanya kazi. Zito zaidi ni cups-browsed, huduma ya ziada ambayo Septemba 2024 ilitangazwa kuwa na matundu ya usalama. Sasisha mfumo wako. Mimi huizima kabisa.

Kuskani si kazi ya CUPS, kwa hiyo msiilaumu. Sakinisha sane-airscan, fungua Simple Scan, na mashine nyingi zenye AirPrint na skana zitajitokeza zenyewe. Modeli yako ikigoma, iandike hapo chini pamoja na majibu ya amri lpstat -t, tuitazame.