TAHADHARI: Anayeuza mawe ya bustani Nyegezi, Mkolani na Buhongwa

Ndugu zangu wa Mwanza, kuna jamaa anazunguka na kirikuu akiuza yale mawe ya zege ya kukanyagia bustanini, yenye michoro ya maua na majani. Msimpe hela kabla hamjayagonga.

Sampuli anayokuja nayo mkononi ni nzuri kweli, nzito. Mzigo wenyewe anauleta giza likiingia, anataka amaliziwe malipo kabla ya kushusha eti gari ina safari nyingine. Juu yamepigwa niru ya rangi, yaani uji laini wa saruji, yanang'aa. Ndani ni mchanga wa udongo na vumbi. Vuli ilipoanza, niru ikabanduka kama ganda la yai, na jiwe moja likavunjika mama yangu akiwa amelikanyaga. Mpaka leo anachechemea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Bei yake yenyewe inamuumbua. Ukichanganya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto, mfuko wa kilo 50 unatoa vipande kama 16 vya sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 5. Gawa bei ya mfuko kwa 16: hapo ni saruji tu, bado kokoto, rangi, fundi na usafiri. Yeye anauza chini ya hapo! Na jiji letu hili la miamba, kokoto zinagongwa kila kilima, bado mtu anakuletea zege lisilo na kokoto.

Chagua mwenyewe mawili ya katikati ya mzigo, uyagonganishe. Zege lililokomaa linalia kwa ukali. Bovu linatoa mdundo mzito tu. Kwaruza upande wa chini kwa msumari, ambako niru haijafika. Likitoa unga, asishushe. Muulize pia yalimwagiliwa siku ngapi. Angalau iwe 7, na nguvu ya zege hupimwa likifikisha siku 28. Akikujibu "ni ya juzi, yameshakauka", achana naye, maana saruji hukomazwa na maji, si jua.

Jina linalotokea kwenye muamala si lile analojitambulisha nalo. Mliokwisha kulipa, tunzeni ujumbe wa muamala na vipande vilivyovunjika, mniandikie hapa chini, twende pamoja serikali ya mtaa kisha polisi.