Mkandarasi ana usajili halali, paa langu linavuja: nyota mbili

Ndoo tatu, beseni la kufulia na sufuria ya pilau. Hivyo ndivyo vyombo vilivyopangwa sebuleni kwangu usiku mmoja wa Novemba mwaka jana, miezi minne tu baada ya kumlipa mkandarasi shilingi 6,800,000 aniezekee upya upande wa mbele wa nyumba. Nyumba ipo Tabata, Dar es Salaam, niliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu, na bati za zamani zilikuwa za tangu 2003. Zilikuwa zimechoka, sikatai. Ila zilikuwa zinavuja sehemu moja. Hizi mpya zikavuja sehemu tatu.

Jina la kampuni siandiki hapa, bado tuna mazungumzo. Naandika kwa ajili ya yule atakayefanya kama nilivyofanya mimi: kumkwepa fundi wa kijiweni na kutafuta "mtu mwenye karatasi".

Karatasi alikuwa nazo, tena za kweli. Alikuja na nakala ya cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, majengo, daraja la saba, ambalo ndilo la chini kabisa katika yale saba. Mwanangu akaangalia kwenye orodha ya Bodi kwa simu, akalikuta jina. Nikapewa makadirio yenye nembo na mhuri, kila kitu kwenye mstari wake: bati za msauzi zenye unene wa geji 28, misumari, mbao za papi zilizotiwa dawa, gata, kofia za juu, na shilingi 240,000 za kubadilisha ule mfereji wa bati pale paa la sebule linapokutana na paa la baraza. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Nikatoa asilimia 70 siku hiyohiyo, naye akanipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuombwa. Kwa hilo nilimpenda.

Siku ya kazi mkandarasi mwenyewe alikuja saa mbili asubuhi, akaniamkia vizuri, "Shikamoo Mama", akazunguka nyumba, akapiga picha mbili na kuondoka. Wakabaki vijana watano. Saa nne nikawapelekea chai na mihogo, nikamuuliza mmoja wao, kijana wa kofia nyekundu, amefanya kazi na kampuni hii muda gani. Akacheka. "Mama, mimi nimepigiwa simu leo asubuhi. Huwa nakaa pale Relini." Kijiwe kilekile nilichokikwepa! Usajili ulikuwa wa mtu aliyepiga picha mbili na kuondoka, na wanaopanda juu ya paa walikuwa walewale ambao ningewapata kwa nusu ya bei, kisha nusu nyingine nikanunulia bati nzito.

Nisiwaonee vijana. Walifanya kazi siku nne, hawakutukana, hawakuiba, na walifagia misumari yote uani, maana nina wajukuu wanaotembea peku. Gata walizofunga ziko imara mpaka leo, na maji yanaingia kwenye simtanki bila kumwagika ukutani. Fundi mkuu wao alijua kazi ya gata. Nyota moja ni yake.

Sasa mfereji. Walipomaliza, kutoka chini ulionekana mpya, unang'aa kijivu. Niliposhindwa kulala ile Novemba nilipiga simu kwa kampuni. Mara ya kwanza: "Nipo saiti Kibaha Mama, kesho nakuja." Mara ya pili: "Kesho kutwa." Mara ya tatu akapokea mtu mwingine, akaniambia kwa upole kabisa kwamba muda wa matazamio, yaani muda ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake, umekwisha.

Nikautoa mkataba kabatini, nikavaa miwani. Kweli, umeandikwa: matazamio miezi mitatu kuanzia siku ya makabidhiano. Makabidhiano yalikuwa tarehe 9 Julai. Hesabu mwenyewe. Julai, Agosti, Septemba, hadi tarehe 9 Oktoba. Jua tupu! Dhamana ya paa ilianza na kuisha wakati ambao hapa Dar es Salaam hata shuka unaanika nje usiku na kulikuta kavu asubuhi. Nimefundisha hesabu miaka 31 na sikuliona hilo nilipokuwa natia sahihi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, sasa ni mhandisi, nilipomsimulia alishika kichwa. Akasema, "Mwalimu, paa matazamio yake lazima yavuke masika. Na ungebakiza hata asilimia kumi mkononi mpaka yaishe." Mimi nilikuwa nimemaliza kulipa yote siku ya makabidhiano, na soda nikawanunulia.

Suala la bati lilijitokeza kwa ajali. Kipande kilichobaki nilifunikia banda la kuku. Jirani yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Jumapili moja alikuja kuchukua mayai, akakishika kile kipande kwa vidole viwili, akakikunja ukingo kama karatasi ya daftari. "Hili ulinunua geji gani?" Nikamwambia 28. Akanitazama kwa huruma. Kwa wasiojua, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Kumbe niliezekewa geji 30 kwa bei ya 28. Rangi ileile, migongo ileile, na mimi nilisimama hapo hapo siku bati zinashushwa kwenye kirikuu, nikazihesabu idadi kwa makini sana. Idadi ilitimia.

Hapo ndipo nilipoacha kupiga simu, nikamwandikia mkandarasi barua. Kurasa mbili, na nakala ya makadirio, risiti, picha za dari la jipsamu lililochora ramani ya kahawia, na picha ya banda la kuku. Niliandika kwamba nampa siku saba, baada ya hapo napeleka malalamiko Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Nilishaelezwa kwamba Bodi inaweza kumwadhibu mkandarasi, hata kumfutia usajili, lakini kunirudishia pesa ni habari nyingine, hiyo ni kesi ya madai mahakamani. Hata hivyo barua ilifanya kazi ambayo simu kumi na moja hazikuifanya. Siku ya nne mkandarasi alikuwa mlangoni kwangu, amevua viatu.

Tulikaa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akakiri bati, akasema "dukani walimchanganyia". Tukakubaliana anirudishie tofauti ya bei, 410,000, na azibe panapovuja. Pesa alileta, nusu taslimu na nusu kwa simu. Nyota ya pili ni ya hapo; wapo ambao wangezima simu moja kwa moja. Kuziba nako alikuja kuziba: vijana wapya wawili, mirija mitatu ya silikoni, saa moja na nusu. Mvua iliyofuata ndoo zikapungua kutoka tatu hadi mbili.

Mwisho nilikwenda Relini mwenyewe nikamtafuta yule wa kofia nyekundu. Alikuja na ngazi ya kuazima, akafungua bati mbili pale kwenye mfereji, akaniita nipande. Nina miaka 64, nikapanda. Chini ya zile bati mpya palikuwa na mfereji wangu wa 2003, kutu na matundu yake, umepakwa rangi ya kijivu. Ile 240,000 ilinunua kopo la rangi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tuliambiwa tupake, Mama. Mimi nilikuwa saidia fundi tu."

Ameweka mfereji mpya, bati nilinunua mwenyewe Buguruni huku jirani yangu akilipima mbele yangu, ufundi nimemlipa 45,000. Hakunipa risiti wala cheti. Masika haya sebule ni kavu. Panapodondoka bado ni koridoni tu, juu ya swichi ya taa, na ile barua nimeshaiandika upya, safari hii kwa Bodi, nikaongeza picha ya mfereji. Jumatatu naipeleka.